Maji yalipita juu ya Zaburi 91, na mume wangu hataki tuhame

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi bondeni, Dar es Salaam, kando ya Mto Msimbazi. Siyo pale Jangwani mnapopaona kwenye taarifa ya habari barabara ikifungwa. Sisi tuko juu zaidi, na watu wa mradi wa bonde walipopima nyumba hawakufika kwetu, kwa hiyo wenzetu walipolipwa fidia sisi hatukuwemo. Nina genge la mboga, jioni nakaanga mihogo. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Nyumba ni ya kwetu, tumeijenga miaka 11, chumba kwa chumba.

Usiku mmoja wa Aprili mwaka jana, 2024, mvua ilianza magharibi haikukata. Kama saa nane hivi nikashtuliwa na sufuria zikigongana jikoni. Zilikuwa zinaelea. Mume wangu akasema tusali kwanza. Tukapanda kitandani sote watano, tukashikana mikono, tukaanza Zaburi 91, ambayo hata yule mdogo anaijua kwa kichwa, huku maji yanapanda. Tulipofika "hata hivyo hautakukaribia wewe", tukasikia ukelele kwa jirani. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umekwenda na maji. Sisi vijana wa mtaa wa juu walitufikia na kamba, tukatoka wazima. Jirani alitoka na mabinti zake wawili. Mwanawe wa kiume, wa miaka 8, alipatikana siku ya pili huko chini kwenye matete.

Mtoto yule, Shangazi, kila jioni alikuwa anakuja na shilingi mia mbili kununua muhogo, halafu anasimama tu hapo mpaka nimwongeze pilipili. Na mama yake ni mtu wa swala. Anauza supu na chapati, na miaka yote hiyo mimi naamshwa na kopo lake likigonga ndoo anapotawadha alfajiri.

Jumapili iliyofuata mume wangu alisimama mbele kushuhudia. Akasema, "Watu elfu walianguka ubavuni petu, sisi hatukuguswa!" Vigelegele vikapigwa. Mimi nikambeba mdogo nikatoka nje, nikasingizia anataka kujisaidia. Tangu siku hiyo kusali siwezi. Naenda ibadani, naimba, lakini nikifumba macho peke yangu nasikia lile kopo. Jirani amerudi, ukuta wake sasa ni wa mabati, na mimi napita njia ya nyuma nisikutane naye.

Sebuleni tuna kalenda ya kanisa yenye Zaburi hiyo hiyo. Mstari wa matope umepita juu yake, maneno yanasomeka nusu. Mume wangu hataki nitoe, anasema ni ushuhuda.

Sasa tumeingia Februari na masika yako njiani. Nina shilingi 340,000 za kikoba, nataka tupange chumba huko juu mpaka mvua ziishe. Mume wangu anasema kuhama ni kumkana Mungu aliyetulinda. "Kwani alichoka mwaka jana?" ndivyo anavyoniuliza. Mchungaji naye kaniambia nimtii mume. Nisaidie. Hofu yangu ni kukosa imani? Na kama kweli alitulinda sisi, mtoto wa mwenzangu alimwachaje? Jirani nitamwambia nini?

Mama wa watatu, Dar es Salaam

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

Nianze na chumba, maana mvua haitusubiri mimi na wewe tumalize mambo ya teolojia. Kapange. Wenye nyumba wa Dar wanapenda kodi ya miezi sita mkupuo, lakini wapo wanaopokea mitatu ukiwaomba vizuri, na wewe unataka mitatu tu: Machi, Aprili na Mei. Usihame na kabati wala makochi. Hamisha watoto, magodoro, sare za shule na mfuko mmoja wa nailoni wenye vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa. Mfuko huo uanze kujaa leo, hata kabla chumba hakijapatikana.

Sasa Zaburi. Ni watu wachache wanaokumbuka kwamba Zaburi 91 ilishawahi kutumiwa kumshawishi mtu akae mahali pa hatari, na aliyeitumia ni Ibilisi. Fungua Mathayo sura ya 4. Anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kwa sababu imeandikwa Mungu atamwagizia malaika zake. Anasoma andiko vizuri tu, kama mwinjilisti. Kuna kipande kimoja amekiruka: kwenye Zaburi malaika wanaagizwa "wakulinde katika njia zako zote". Hayo ya njia hakuyataja, maana kujirusha kutoka juu ya paa si njia ya mtu yeyote. Na Yesu hakumjibu kwamba Zaburi ni ya uongo. Alisema, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Mimi simwiti mumeo shetani, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba andiko zuri linaweza kushikwa upande wa makali. Wasomaji wangu Waislamu watakuwa wameshakumbuka ile hadithi ya Bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai anamtegemea Mungu, na Mtume akamwambia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Jirani yako bila shaka anaijua.

Lakini sura ambayo nataka uisome wewe na mumeo, tena usiku mkiwa mmetulia, ni Mathayo 2. Sisi tunaisoma Krismasi tu, tunaishia kwa mamajusi na dhahabu yao. Endelea mbele kidogo. Herode anamtafuta mtoto amwangamize. Mungu anataka kumlinda mwanawe mwenyewe, yule wa pekee. Anafanya nini? Hateremshi ukuta wa moto kuizunguka nyumba. Anamtumia fundi seremala ndoto yenye neno moja la kuanzia: "Ondoka." Umchukue mtoto na mama yake, ukimbilie Misri. Yusufu akaondoka usiku uleule. Alisali saa ngapi sijui, haikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba aliondoka usiku.

Basi, kama Mungu alimlinda mwanawe kwa kumhamisha, mumeo ana sababu gani ya kuona haya kuhamisha wa kwake?

Na usifunge Biblia hapo, kwa sababu swali lako la pili limo kwenye ukurasa huohuo. Yesu amevuka yuko Misri, salama. Bethlehemu watoto wa kiume wameuawa, wote wa miaka miwili na chini yake. Mathayo angeweza kukinyamazia kilio kile ili habari yake ya wokovu ibaki safi. Hakufanya hivyo. Ameandika: "Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Halafu, mwanangu, haelezi kitu. Hasemi wale kina mama hawakuomba vya kutosha. Hasemi Mungu alikuwa na makusudi mema na watoto wao. Amekiweka kilio chao pembeni ya ulinzi wa Yesu, vyote viwili vya kweli, akaendelea na habari yake.

Mimi nimeishia hapo alipoishia Mathayo, na nimeishi miaka mingi hapo. Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Mtu akiniambia kati ya wale 155 hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa anasali maji yalipomfikia, nitamwonyesha mlango. Kwa hiyo ule mstari wa "elfu wataanguka ubavuni pako" usomwe kama wimbo wa mtu aliyetoka salama, bado anatetemeka, anaimba. Wimbo si hati ya bima. Na ukitaka ahadi yenyewe ndani ya Zaburi ile, nenda mstari wa 15: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Taabuni, mwanangu. Inamaanisha taabu ilishamfika.

Nitakwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika kwenye safu hii. Hayo aliyoyafanya mumeo mbele ya kanisa, mimi niliyafanya kabla yake. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu ndani yake. Kaka yangu alikuwa apande jioni iliyotangulia, kule Bukoba. Malaria ikamwangusha, tiketi ikabaki kwenye mfuko wa shati. Jumapili nikasimama kanisani na sauti yangu yote: Mungu ameleta homa ili amwokoe ndugu yangu! Watu wakashangilia. Tulipotoka nje mama mmoja akanishika mkono, akanishika muda mrefu, akaniambia kwa upole kabisa, "Na wa kwangu aliondoka nyumbani ameombewa." Akauachia mkono wangu, akaenda zake. Mwanawe yuko Igoma, alikozikwa na wengine wengi wa meli ile.

Sikuacha kumshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yangu. Yupo, ana wajukuu, na mkorofi vilevile. Nilichoacha ni kueleza. Shukrani ni yako, mshukuru Mungu hata kesho kwa wale vijana na kamba yao. (Kamba ile ilikuwa ni nini kama si jibu la sala yenu? Mliomba malaika, wakaja vijana wa mtaa wa juu. Nyumbani kwao mmeshawahi kwenda kuwashukuru?) Ila ukianza kueleza kwa nini wewe na si yule wa pili, unamkanyaga mtu aliyeko benchi la nyuma. Ile aibu iliyokutoa nje siku ile haikuwa ya Shetani. Huenda ndiyo ilikuwa sala yako ya kweli kuliko zote za mwaka ule, na kama hakuna nyingine inayotoka, mwambie Mungu hivyohivyo: nasikia kopo. Zaburi zina watu waliomwambia makali zaidi ya hayo, na maneno yao yakabaki kwenye kitabu.

Hofu? Mtu aliyeona sufuria zake zinaelea saa nane usiku asipoogopa wingu jeusi, apelekwe akapimwe.

Tuje kwa baba watoto. Nasikia kitu kingine chini ya maneno yake. Mwanamume amechomelea mageti ya watu miaka 11 ili asimamishe nyumba ya kwake. Kumwambia akapange chumba kimoja, tena kwa hela ya kikoba cha mkewe, ni kumwambia kwamba jasho lote lile limekwenda na mto. Imani yake sina shaka nayo, ila nadhani nusu ya ubishi huu ni fedheha, imejifunika joho la kanisani. Kwa hiyo usipambane naye kwa maandiko. Hata Methali 22:3, ule wa mwenye busara kuyaona mabaya na kujificha, usimpige nao kichwani. Mwambie, "Baba, nyumba yetu haiendi kokote. Tunakwenda kulala tu." Mchana arudi kwenye vyuma vyake, mlango ufunguliwe, mafundi wenzake wamwone yupo. Usiku wa mvua asilale huko.

Wala simlaumu kwa kuishi bondeni, na wasomaji wa mjini mnaopenda kuuliza "kwani hawaoni ni mkondo wa maji?" mpunguze kidogo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabonde ya Dar walipewa viwanja Mabwepande. Wapo waliobaki, na wapo waliorudi, kwa sababu kibarua, shule na wateja wa chapati vilikuwa vimebaki mjini. Mtu haishi kwenye maji kwa kuyapenda.

Kuna njia moja ya kumpa heshima yake. Yeye ni mzee wa kanisa. Kama kanisa lenu liko juu ya maji, awe yeye wa kupeleka ombi kwenye baraza: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, ukumbi ufunguliwe usiku, wazee wapangiane zamu, watoto wa bondeni wakalale kule, wa dini zote. Mtu aliyeona aibu kuhama peke yake anaweza akawa wa kwanza kuhamisha mtaa mzima. Na huyo mchungaji aliyekwambia utii, sitamsema vibaya kwa maneno niliyoyasikia upande mmoja. Muulize tu, kwa adabu, yeye mvua ikinyesha analala wapi.

Ikitokea mvua imewakuta kabla hamjahama, hakuna kupanda kitandani tena. Zimeni umeme kwenye meni swichi maji yakiwa bado mlangoni. Tokeni kuelekea juu mapema, na msali mkitembea. Msikatize maji yanayokimbia hata kama ni ya magotini, mtu mzima yanamwangusha, sembuse mtoto. Zimamoto na Uokoaji ni 114, namba hiyo watoto waijue kwa kichwa kama wanavyoijua Zaburi.

Kalenda usigombanie. Yeye anaona ushuhuda, wewe unaona matope, na vyote vipo. Ya mwaka jana imeshaisha kazi yake hata hivyo.

Jirani sasa. Acha njia ya nyuma, kesho asubuhi pita ya mbele. Usiende na sahani ya pole, imeshapita karibu mwaka, atashindwa hata aipokee vipi. Nenda kanunue chapati, ukae kwenye benchi lake uzile palepale. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hicho ndicho kitu cha maana pekee walichomfanyia. Walipofungua midomo wakaharibu. Akisema mwenyewe kwamba ni kadari ya Mungu, itikia. Akinyamaza, usimsemee. Ila mtoto mtaje kwa jina lake. Mwambie kila jioni ukikaanga mihogo unamkumbuka, alivyokuwa anasimama pale anasubiri pilipili. Atalia, na wewe utalia, chapati zitaungua, mtu atalalamika.

Halafu muulize wale mabinti wawili wanalala wapi masika haya, ndani ya ukuta wa mabati. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinalaza watoto watano wakilala mzungu wa nne. Ila muulize kabla hujalipa, umwambie na mwenye nyumba mapema, maana akija kuona vichwa vitano vimetokeza mlangoni atakupandishia hela ya maji.